Mabomba ya Nyumba Mbili

Mama yangu alikataa maji ndani ya nyumba kwa miaka mingi, na mimi binti yake ni fundi wa mabomba. Nimeingiza maji katika nyumba za mapadri na za madaktari, katika maduka ya wauza kobalti, katika kambi za wafanyakazi wa migodi kutoka hapa Kolwezi mpaka Fungurume. Lakini kwa mama robine, bomba la kuchotea, ilikuwa moja tu, nje uani, karibu na mparachichi, na kila nilipomwomba aniruhusu nivute maji mpaka jikoni alinijibu vilevile.

"Maji ya mu nyumba inaleta upweke. Ku robine njo mi napataka habari."

Hakuwa anatania. Nyumba yetu ni moja ya zile nyumba pacha zilizojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi: paa moja, ukuta mmoja katikati, familia moja huku na nyingine kule. Robine ya uani ilikuwa ya pande zote mbili, na majirani ambao mabomba yao yalikuwa yamekauka waliikimbilia pia. Mama alikuwa anakaa pale hata ndoo yake ikishajaa, mpaka ajue nani kapata kazi mgodini, nani kajifungua mapacha, padri gani anahamishwa. Baba alipokuwa hai alisema mama huchota maji kidogo na maneno mengi.

Kilichombadilisha ni safari ya Kasaji. Alikwenda kwa mdogo wake, kwenye komunyo ya kwanza ya mjukuu, akakaa huko mpaka nikaanza kumkumbuka. Siku aliyorudi hakupitia nyumbani. Alikuja moja kwa moja kwangu, bado ana vumbi la gari moshi kwenye nyusi, akasimama mlangoni na mfuko wake wa unga wa muhogo kichwani.

"Mi nataka kuoga wima," akasema.

"Wima namna gani, mama?"

"Wima! Maji inatoka ku juu, we unasimama tu, unaimba. Mudogo wangu eko nayo. Eko naimba mu maji kila asubuhi, ye mwenye sauti ya mbuzi. Na mi mwimbaji wa ku korale niko nainama mbele ya beseni, magoti inalia kuliko mi!"

Nilicheka mpaka nikashika fremu ya mlango. Kisha nikamtua mfuko, na kabla hajabadili mawazo nikamwambia nitaanza kazi wiki inayofuata.

Ilikuwa majira ya baridi, wakati ule vumbi jekundu linapokaa juu ya kila jani na asubuhi watu wanapuliza mikono yao wakingoja mkate. Nilikwenda na mfuko wangu wa vyombo, nikafungua mlango wa ujia.

Ujia huo ni lazima niueleze. Kati ya jiko letu na jiko la jirani kuna chumba chembamba kirefu, kinachoanza nyuma ya nyumba na kuishia mbele. Mtu mmoja na ndoo yake anapita. Wawili wanasuguana mabega. Zamani familia zote mbili zilikuwa zinafulia humo. Kina mlango upande wetu na mlango upande wao, na bomba la barabarani linatokezea humo, kutoka chini ya sakafu. Ukitaka kupeleka maji huku au kule, njia ni hiyo tu.

Jirani yetu alikuwa mgeni kwetu. Alikuwa mzee wa asili ya Kasai, mstaafu wa reli, aliyefanya kazi Tenke maisha yake yote na kuhamia hapa mvua zilizopita, baada ya kufiwa na mke wake. Alikuwa anavaa tai kila siku, hata siku ambayo safari yake ndefu ilikuwa kwenda kununua mkate. Alipomwona mama uani alikuwa anamsalimu kwa Kiluba cha kwao, "Moyo, mamu," na mama alikuwa anamjibu, "Jambo, tata," kila mmoja akashika ndoo yake. Maneno yao yalikuwa yanaishia hapo.

Siku hiyo ya kwanza nilichora. Fundi anayeanza kukata kabla hajachora huishia kununua mabomba mara mbili. Kwa chaki ya buluu nilichora ukutani njia ya maji baridi kwenda jikoni, njia ya maji baridi kwenda bafuni, na njia ya maji machafu kutoka bafuni mpaka nje. Nilisimama nyuma nikatazama. Ilikuwa mistari mizuri, ya sambamba, yenye nafasi ya kiganja kati ya mmoja na mwingine. Nikaenda zangu nimeridhika.

Asubuhi iliyofuata nilikuta mstari mwekundu. Ulikuwa mmoja, mnene, umenyooka kutoka nyuma ya ujia mpaka mbele, kwenye kimo cha kifua. Ulikuwa umekata mistari yangu yote mitatu kana kwamba haikuwepo.

Nilifuta mahali palipokatwa, nikachora upya, na pembeni nikaandika kwa herufi kubwa: HAPA KUNA NJIA. Niliporudi kutoka kununua viungio nikakuta jibu, kwa chaki nyekundu: NJO TUNAPITA, yaani ndiyo maana tunapita.

Nilikuwa bado nimesimama mbele ya maandishi hayo, mikono kiunoni, mlango wa upande wa pili ulipofunguka. Akaingia mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya mgodini, kikombe cha chai mkononi, chaki nyekundu nyuma ya sikio.

"Ni weye uliandika mu ukuta?" nikamuuliza.

"Ni mi. Na ile ya bleu ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Na we ni nani?"

"Plombye."

Akachungulia nyuma yangu, kana kwamba fundi mwenyewe bado anavua viatu mlangoni. Hakumwona mtu. Akanitazama tena, akatazama mfuko wangu wa vyombo, halafu, namsifu kwa hilo, akaona haya na kutabasamu.

"Aksanti kwa kunifahamisha," akasema. "Na mi pia."

Alikuwa mtoto wa mzee wa Tenke. Kazi yake ilikuwa mabomba ya mgodi huko Fungurume, mabomba ambayo mbuzi mzima anaweza kulala ndani yake. Alikuwa amechukua likizo ili ampatie baba yake maji ya moto, kwa sababu baridi ilikuwa imeingia katika mifupa ya mzee na haitaki kutoka. Umeme wa kwetu huja unapopenda, basi alikuwa ametengeneza kwa mikono yake tanki la chuma lenye mahali pa kuchochea makaa chini yake, amelisimamisha nyuma ya nyumba chini ya bati. Bafu la mzee lilikuwa mbele. Bomba la moto lilipaswa kupita ujia mzima.

"Basi pitisha kwa juu," nikamwambia.

"Sababu ya nini nizunguke? Yangu imenyooka."

"Imenyooka kama reli. Lakini reli iko peke yake mu pori. Hapa tuko babili."

Sauti zetu zilipanda. Milango ikafunguka, mama upande wetu na kisu cha kukatia sombe, majani ya muhogo, mkononi, mzee upande wao na tai yake.

"Ku Tenke," mzee akasema kwa upole, "matreni mbili ikikutana, moja inangoja."

"Ni ile gani inangoja?" mama akauliza.

"Ile yenye kuambiwa."

"Basi mwambie ya mutoto wako!"

Mzee akafikiri, akarekebisha tai, akafunga mlango. Mama naye akarudi kwenye sombe. Tukabaki sisi wawili na ukuta, na kwa kuwa hakukuwa tena na mtu wa kutusikiliza, tukaanza kuzungumza kama mafundi.

Katika kazi yetu kuna sheria ambayo haikuandikwa na mtu. Maji yenyewe ndiyo yaliiweka. Maji safi yanasukumwa, yanaweza kupanda, kushuka, kuzunguka kona, kuruka kitu na kuendelea. Maji machafu hayasukumwi na yeyote. Yanateremka tu, polepole, na ukiyapandisha hata kidogo yanakaa, yananuka, yanarudi kwa mwenye nyumba. Basi bomba la maji machafu ndilo linalopewa njia kwanza, na yale yanayoweza kupanda yanapisha. Hilo alilijua kama nilivyolijua mimi, ila kila mmoja wetu alikuwa amechora kama mtu aliye peke yake. Aliponiona nachukua kitambaa, akakichovya yeye kwenye ndoo. Tukafuta ukuta wote, mistari ya buluu na myekundu, mpaka ukawa safi. Kisha tukaanza upya, chaki mbili ukuta mmoja.

Mistari ya maji machafu tulichora kwanza, ya kwao na ya kwetu, inateremka pamoja kwenda nje. Juu yake maji baridi. Juu kabisa maji ya moto, ili jasho la bomba baridi lisidondoke juu ya bomba la moto na ili moto usiyapashe ya baridi. Kila tulipofika mahali ambapo bomba lilipaswa kuvuka jingine, tulisimama tukabishana. Lakini ulikuwa ubishi mzuri. Sijui kama watu wa kazi nyingine wanaujua utamu wa kubishana na mtu anayeona kile unachokiona.

Kazi ikaanza, na jambo ambalo hatukulitegemea likaanza nalo: wazazi wetu wakaanza kushindana kwa chakula. Mama alileta bukari, ugali wa kwetu, na sombe iliyopikwa kwa karanga. Kesho yake mzee, ambaye tulidhani anaishi kwa mkate na chai, akaleta nshima ngumu nyeupe na kuku mwenye mchuzi mwekundu, aliyempika mwenyewe. Mama akaonja kwa kidole kimoja.

"Hii bukari yake iko muzuri," akaniambia akidhani ananong'ona.

"Ni nshima," mzee akasema toka mlangoni.

"Ni bukari, tata."

"Kwetu ni nshima."

"Haya. Nshima yako ilikosa bukari kidogo tu."

Nilimsikia mzee akicheka kwa mara ya kwanza. Siku zilizofuata wakaleta viti, mmoja mlango huu na mwingine mlango ule, wakakaa kututazama kama watu walio kwenye mpira. Mama akaacha kwenda robine. Alikuwa amegundua kwamba habari zinaweza pia kuja ujiani.

Mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Mtu wa mabomba makubwa ana mikono mizito, nilidhani. Nilitegemea atanipigia nyundo ukutani mwa mama. Haikuwa hivyo. Alipima, akapima tena, akapuliza vumbi kwenye tundu kabla ya kutia skrubu. Siku moja alikuwa amefunga vishikizo vya bomba nyuma kabisa ya ujia, gizani, mahali ambapo hakuna atakayepatazama tena mpaka nyumba ianguke. Kimoja kilikuwa kimelala upande kidogo. Alikitazama, akaendelea na kazi, akarudi kukitazama. Mwishowe akakifungua na kukifunga upya. Hakujua kwamba namwona. Nilijifanya natafuta kitu kwenye mfuko wangu, kwa sababu uso wangu ulikuwa umepata moto.

Ndani ya ujia tulikubaliana mabomba yote yawe ya shaba. Watu wengi siku hizi wanaweka plastiki, na mimi pia huiweka. Lakini yeye alikuwa amepata mabomba mazuri ya shaba kwa muuzaji mmoja mjini, yamefungwa kwenye karatasi, yamekuja kutoka ng'ambo. Mama alichukua moja akalipima mkononi. Sisi tunaishi juu ya shaba, malori ya shaba yanapita mbele ya parokia yetu mpaka padri anakatiza mahubiri.

"Hii ilitoka hapa," mama akasema. "Ikaenda kutembea, ikarudi yenye kukonda."

Tulifika mahali pagumu. Bomba lao la moto lilipaswa kuvuka mabomba yetu mawili ya baridi, yaliyokuwa yanapanda wima kuja upande wetu. Yeye alitaka kukata na kuunganisha kwa viungio vya kona: toka, panda, vuka, shuka, rudi. Ndivyo wanavyofanya mgodini.

"Kila kona ni mahali ya kuvuya," nikamwambia. "Tukunje tuyo, bomba yenyewe. Tufanye shapo ya jandarme."

Hilo ni jina ambalo mafundi wa zamani walitufundisha kwa mkunjo unaoruka bomba jingine: unapanda, unazunguka mgongo wake, unashuka na kuendelea kwenye mstari uleule. Ukiutazama kwa ubavu unafanana na kofia ya polisi wa zamani. Yeye alikuwa amelisikia jina, mkunjo wenyewe hakuwahi kuufanya. Mabomba yake hayakunjwi na goti la mtu.

Niliwasha taa ya gesi ya kuchomelea. Wazazi wakasogeza viti. Nilitaka kuwaonyesha wote watatu, na huo ndio ulikuwa ubaya: shaba inataka kupashwa moto taratibu mpaka iwe nyekundu kwa mbali, iachwe ipoe, ndipo inalainika. Mimi nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Nilitia springi ndani ya bomba, nikaliweka gotini, nikakunja, na bomba likabonyea katikati kama mkebe uliokanyagwa.

Nikaliinua wote walione. Kisha mama:

"Hiyo ni shapo ya jandarme mulevi."

Mzee aliinama mbele, tai ikamgusa magoti, akacheka mpaka akakohoa. Mwanawe alijitahidi kuwa na heshima. Alitazama dari, midomo ikamtetemeka, ikamshinda. Nikacheka na mimi. Sikumbuki mara nyingine niliyoharibu kazi nikafurahi hivyo.

La pili nililipasha polepole. Nililizungusha juu ya moto mpaka rangi ikasambaa sawasawa, nikaliacha lipoe tukinywa munkoyo wa mama, nikalikunja bila kulilazimisha. Likaja lenyewe: kilima kimoja kidogo katikati, mabonde mawili pembeni, mwanzo na mwisho kwenye mstari mmoja. Nilipolisimamisha mahali pake likapita juu ya mabomba yetu mawili bila kuyagusa, na kidole changu kikapenya katikati.

Yeye alisogea karibu. Alilishika, akafuata mkunjo kwa kidole gumba kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Unifundishe," akasema.

Upande wa mbele kulikuwa na mvuko mwingine, ambapo bomba letu la baridi ndilo lililopaswa kuruka la kwao. Huo aliukunja yeye. Nilimshikia taa, nikamwambia ngoja, ngoja, sasa. Ulitoka mzuri. Nakiri ulikuwa mzuri kuliko wangu, na sijamwambia mpaka leo.

Nilipokuwa nakagua viungio kabla ya kufungua maji, niliona kitu ambacho hakikuwa kwenye michoro yetu. Karibu na bafu letu, kwenye bomba lao la moto, kulikuwa na kiungio cha njia tatu chenye kifungio kidogo, na kutoka hapo kibomba kifupi kiliingia ukutani upande wetu.

"Hii ni ya nini?"

"Iache," akasema, akifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Ni ya kesho."

Nilidhani ni akiba, fundi mwenye akili huacha njia kwa kazi za baadaye. Nikaiacha.

Siku ya kufungua maji ilikuwa Jumamosi, baada ya misa ya asubuhi. Waimbaji wenzake mama walikuja na sare zao za korale. Nilifungua kifungio kikuu polepole sana. Mabomba yakakohoa, yakatema hewa, robine ya jikoni ikapiga chafya na kutoa maji ya rangi ya matofali, halafu maji meupe. Sisi wawili tukapita ujiani, kila mmoja upande wake, tukipapasa kila kiungio kwa karatasi kavu. Tulikutana katikati. Karatasi zote zilikuwa kavu. Mzee wakati huo alikuwa amekwenda nyuma ya nyumba kuchochea makaa. Nilimwona akipepea moto kwa kofia yake na sikujua haraka hiyo ilikuwa ya nini.

Mama akaingia bafuni na taulo jipya. Akafunga mlango. Tukasikia maji yakianguka. Waimbaji wakanyamaza wakingoja wimbo.

Badala ya wimbo tukasikia ukelele.

"Iko moto! Eeh, Mungu wangu, iko moto!"

Nilikimbia. Nilidhani tumekosea viungio, nilidhani mama ameungua. Nikapiga mlango kwa viganja viwili. "Mama! Funga! Mama, umeungua?"

"Niungue nini? Iko moto muzuri! Usinifungie! Nani anifungie, nitamupiga!"

Alikuwa anacheka. Kicheko chake kilikuwa kinagonga kuta za bafu na kutoka kikiwa kikubwa zaidi. Na nyuma ya kicheko ukaja wimbo, ule wa kuingilia misa ya Pasaka, katikati ya majira ya baridi, na waimbaji wakaupokea kutoka jikoni, sauti ya kwanza, sauti ya pili, mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna harusi.

Nikakumbuka kile kibomba cha kesho, nikamgeukia yule wa Fungurume. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Si mi," akasema. "Ni tata aliniambia."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni, majivu kwenye tai.

"Nasikiaka mu ukuta," akasema. "Kila asubuhi mama eko nawasha makala, eko napika maji ya kuoga, eko nalalamika magoti. Tanki yangu ni mukubwa. Mutu mumoja hawezi kumaliza ile maji yote."

Nilimsogelea. Nilimshika mkono wake kwa mikono yangu miwili, kama tunavyowashika wazazi.

Mama alitoka amejifunga vitenge viwili, kitambaa kichwani, mvuke unamfuata. Alipita katikati yetu sote mpaka mbele ya mzee, akapiga goti kidogo, hilo goti bovu, akamsalimu kama baba kwa Kiluba cha kwao, "Moyo, tatu."

Na mzee, aliyekuwa na salamu moja tu miezi yote, akajibu, "Jambo sana, mama."

Likizo ikaisha, mtoto wa mzee akarudi Fungurume. Lakini wiki iliyofuata alikuja kukagua kiungio. Wiki nyingine akaja kukikagua tena. Mama akanyamaza mara mbili, mara ya tatu akamuuliza mbele yangu, "Mwanangu, ile tuyo inavuya wapi? Mi naitafuta kila siku, siioni."

Baada ya hapo aliacha kusingizia mabomba. Alikuwa anakuja kunisaidia kazini siku za Jumamosi. Siku moja nilikuwa nimelala chali chini ya sinki la mteja, kichwa ndani ya kabati, miguu nje, maji yananidondokea shingoni. Nikanyoosha mkono nipewe spana.

"Nipe kle."

"Nitakupa. Lakini kwanza unijibie kitu."

"Jibu gani? Maji iko naniingia mu sikio!"

"Unataka tuoane?"

Niliinua kichwa na kukigonga kwenye sinki. Mteja alikuja mbio kuuliza kama tumevunja kitu. Nilikuwa nalia na kucheka na kushika paji la uso, na yeye alikuwa amepiga magoti sakafuni na ile kle mikononi kama mtu aliyeshika mshumaa. Nikasema ndiyo. Akanipa kle, nikamaliza kazi.

Siku ya ujumbe wa kuja kuniposa mama alitoa amri moja.

"Bakwe basitokee ku mulango ya pembeni. Mutoto wangu si wa kuchukuliwa mu ujia kama beseni. Bazunguke!"

Wakazunguka. Mzee alikodi basi dogo, akapakia ndugu zake, mwanawe, vitenge, mbuzi na vikreti vya vinywaji. Wakapanda mlangoni kwao, basi likaondoka mbele ya macho yetu, likaenda mpaka stesheni, likapita mzunguko wa mjini, likarudi kwa barabara ya juu likipiga honi toka mbali. Sisi tulikuwa tumejipanga uani na waimbaji wa korale. Mama mdogo wa Kasaji alikuwepo, na mjomba wangu mzee wa Lubudi, aliyefika asubuhi hiyohiyo na hakuwa ameelezwa lolote.

Mzee wa Tenke alishuka wa kwanza, tai mpya shingoni. Akajipangusa viatu kwa leso. Akatazama nyumba yetu, paa lake mwenyewe, kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza.

"Karibuni," mama akasema, uso umekaza kwa heshima. "Mulifika muzuri? Safari ilikuwa murefu?"

"Murefu sana, mama. Tulilala mu njia."

Hakuna aliyecheka, walijizuia wote, na waimbaji wakaangalia juu, machozi yanawatoka. Mchumba wangu alikuwa amejificha nyuma ya mbuzi, mabega yanamtikisika. Mjomba wangu wa Lubudi peke yake ndiye aliyetikisa kichwa kwa huruma. Akanivuta mkono.

"Masikini," akaninong'oneza. "Balilala wapi? Likasi?"

"Ndiyo, mjomba," nikamwambia. "Likasi."

Akaenda mbio kuwatafutia viti.